Sakawa, mtabiri aliyewaona wageni kabla hawajafika Getembe

KABLA ya mji wa Kisii kujengwa, mahali hapo paliitwa Getembe. Hapakuwa na ofisi, kituo cha polisi wala hospitali. Masimulizi ya wazee wa Kitutu yasema kwamba siku moja, kuelekea mwisho wa karne ya 19, mtu mmoja aliwakusanya watu hapo, akazunguka nao huku akinyoosha kidole. Hapa, aliwaambia, wageni wataweka nyumba ya kuamulia mashauri; pale watalala askari wao; kule watalazwa wagonjwa. Akaongeza kuwa wageni hao watawanyang'anya vijana mikuki, na kwamba wanaume watatawaliwa katika nchi yao wenyewe.

Mtu huyo alikuwa Sakawa, mwana wa Ng'iti, ambaye wengine humtaja kwa jina la Sakagwa. Alipotoweka duniani, mwanzoni mwa karne ya 20, hakuna Mwingereza aliyekuwa amejenga hata kibanda mahali hapo. Miaka michache baadaye ofisi ilisimama, kambi ya askari ikasimama, na wenyeji wakaupa mji huo mpya jina la Bosongo. Neno hilo hutokana na Omosongo, yaani Mzungu, na maana yake ni mahali pa Wazungu. Ni ajabu ndogo ya lugha kwamba jamii nzima iliuita mji wake mkuu kwa jina la mgeni, na hadi leo jina hilo halijafutika.

Inakisiwa kuwa Sakawa alizaliwa katika miaka ya 1840, huko Kitutu. Hakuacha maandishi, hakupigwa picha, wala hakuna msafiri wa Kizungu aliyekutana naye akaandika habari zake. Yote yanayojulikana juu yake yamepitia vinywani mwa watu, na baadaye katika faili za maafisa wa serikali ya kikoloni waliolihofu jina lake kuliko walivyomfahamu mwenyewe. Hata hivyo, ukiyapanga masimulizi hayo kwa utaratibu, utagundua kuwa karibu yote yanahusu jambo moja: wageni. Hakumbukwi kwa mali wala kwa wingi wa wake. Anakumbukwa kwa kuwatazama watu wa nje na kuwaambia watu wa ndani yale aliyoyaona.

Ili kuelewa kwa nini kipawa hicho kilithaminiwa kiasi hicho, sharti mtu aitazame nchi aliyozaliwa. Katika siku za ujana wa Sakawa hapakuwa na serikali ya Wakisii, wala mfalme, wala baraza moja la wazee wote. Palikuwa na Abagetutu, Abanyaribari, Abagirango, Ababasi, Abanchari na Abamachoge, kila kundi na nchi yake, na mara nyingi yalipigania malisho na ng'ombe baina yao. Yaliunganishwa na lugha ya Ekegusii, mila ya tohara, imani juu ya Engoro na masimulizi ya safari ndefu. Masimulizi hayo huanzia nchi ya mbali iitwayo Misiri, yakapitia Mlima Elgon, mwambao wa Ziwa Viktoria na nyanda za Kano, yakafika Kabianga, ambako baridi na maradhi viliangamiza mifugo na mimea, na hatimaye yakaishia katika vilima vya Kisii na Nyamira vya leo.

Huko vilimani walijikuta kama kisiwa. Magharibi na kaskazini waliishi Wajaluo, ambao Abagusii huwaita Abagere. Mashariki walikuwapo Wakipsigis. Kusini walikuwapo Wamaasai. Wote hao husema lugha zisizo za Kibantu. Ndugu zao wa lugha waliokuwa karibu zaidi, Wakuria, walitenganishwa nao na jamii nyingine, nao Wamaragoli, ambao masimulizi huwafanya watoto wa baba mmoja na Abagusii, walikuwa mbali ng'ambo ya ghuba. Mtoto wa Kisii aliyekuwa akichunga mbuzi juu ya kilima aliweza kuona moshi wa watu wasiofahamu hata salamu yake.

Wala mpaka haukuwa wa namna moja kwa majirani wote. Kwa Mjaluo, kitu kilichomtenganisha na Mkisii kilikuwa kisu cha tohara: Mjaluo aling'oa meno, Mkisii alitahiri, na kila mmoja alimwona mwenzake kama mtu ambaye hajakamilika. Lakini hao hao ndio waliofanya biashara. Wimbi la milimani liliteremka ziwani, nao ng'ombe, chumvi na vyungu vilipanda milimani, na wakati wa njaa familia nyingi ziliokolewa na soko hilo. Kwa Mkipsigis mambo yaligeuka. Yeye alitahiri kama Mkisii, alikuwa na marika ya wapiganaji kama ya Mkisii, na alipenda ng'ombe kwa mapenzi yale yale. Kwa mila alikuwa karibu kuliko Mjaluo, na pengine ndiyo sababu alikuwa adui mkubwa zaidi. Vijana wa Kisii walilala katika ebisarate, yaani kambi za kulinda ng'ombe mbali na nyumbani, wakimngojea yeye hasa.

Mashambulizi hayo ndiyo yaliyoikuza Kitutu. Watu wa makundi mengine waliofukuzwa makwao walikimbilia huko wakapewa ardhi, wakaitwa abamenyi, yaani watu waliokuja kukaa. Wajukuu wao waliishi, wakaoa na kupigana kama Abagetutu. Kitutu ikawa kubwa kuliko makundi mengine, ikapata hata ukoo wa watawala, jambo ambalo halikuwapo kwingineko Gusii. Kwa maneno mengine, nguvu za kundi lililojivunia asili yake kuliko mengine zilitokana, kwa sehemu kubwa, na watu wa kuja. Katika nchi ya namna hiyo ndimo Sakawa alimokulia.

Sifa yake ya kwanza ilikuwa ya vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, baada ya miaka mingi ya kuporwa na kuuawa, Abagusii waliwashinda Wakipsigis katika vita vinavyokumbukwa kwa jina la Saosao. Vijana wa Kipsigis walioingia Gusii kuteka mifugo walizingirwa, na wengi hawakurudi makwao. Masimulizi ya Kitutu humpa Sakawa sehemu kubwa ya ushindi huo: inasemwa kuwa alitoa dawa kwa wapiganaji na akawaelekeza wakati na mahali pa kusimama. Anayesoma leo ana uhuru wa kuamini dawa hiyo au kutoiamini. Lililo muhimu ni kwamba ushindi wenyewe ulisimuliwa baadaye kama ushindi wa Abagusii, si wa Kitutu peke yake, na jina lililoambatana nao lilikuwa la mtabiri, si la jemadari.

Tabia hii ya watu kujitambua kwa kumtazama mgeni haikuanzia Gusii. Wagiriki wa kale waliwaita wote wasiojua Kigiriki kwa neno lililoigiza sauti ya mtu anayebabaika. Warusi humwita Mjerumani kwa neno ambalo asili yake ni bubu. Ulaya yenyewe, iliyokuwa imegawanyika kwa wafalme na madhehebu, ilijizoesha kujiona kitu kimoja ilipowaona Waturuki wakifika kwenye kuta za Vienna mnamo 1529 na tena mnamo 1683. Nao Warusi, wakiwa na Watatari upande mmoja na Ulaya ya magharibi upande wa pili, wamebishana kwa karne nyingi juu ya wao ni nani. Mfalme Peter alipowalazimisha mabwanyenye wake kunyoa ndevu mnamo 1698 ili wafanane na watu wa magharibi, wengi waliona ananyoa Urusi yenyewe. Tofauti ni kwamba huko mambo hayo yaliandikwa na wanahistoria wa makasri. Gusii yaliwekwa katika kumbukumbu ya mtu mmoja.

Baada ya Saosao, macho ya Sakawa yaligeukia wageni wa aina nyingine. Nyakati zilikuwa ngumu. Sotoka iliangamiza ng'ombe wa Wamaasai na majirani zao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na habari za misafara yenye bunduki zilikuwa zimezagaa nchi zote za ziwa. Mnamo 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu. Mtu makini aliyeishi juu ya vilima vya Kitutu, akiwasikiliza wafanyabiashara wa Kijaluo waliotoka pwani ya ziwa, hakuhitaji miujiza mikubwa ili ajue kwamba jambo fulani linakuja. Hilo halipunguzi hadhi yake. Wengi walisikia habari zile zile, lakini mmoja tu ndiye aliyezigeuza kuwa ujumbe.

Ujumbe huo ulikuwa upi hasa? Hapo ndipo masimulizi yanapoachana njia. Upande mmoja husema Sakawa aliwaonya watu wasipigane na wageni hao, kwa kuwa silaha zao hazina mfano, na kwamba atakayewakabili atakufa bure. Upande mwingine hushikilia kuwa alisema wageni watakuja, watatawala, kisha watakwenda zao, na kwamba Abagusii watabaki wenye nchi. Kila upande ulichukua sehemu iliyoufaa. Tofauti hiyo ilipimwa kwa damu, naye mwenyewe hakuwapo.

Mnamo 1902, au karibu na mwaka huo, Sakawa alitoweka. Wapo waliosema amekufa kama watu wengine. Wapo waliosema hakufa, bali ameondoka na atarudi.

Mwaka 1905 ulileta bunduki. Kwanza Waingereza waliwashambulia Wakipsigis wa Sotik, wakisaidiwa na wapiganaji wa Kimaasai. Miezi michache baadaye, Septemba mwaka huo huo, kikosi cha King's African Rifles na polisi kiliingia Gusii. Wapiganaji wa Kitutu walikikabili kwa mikuki na ngao, nacho kikawajibu kwa bunduki ya rashasha. Mamia waliuawa na maelfu ya mifugo yakachukuliwa. Kwa hiyo, ndani ya mwaka mmoja, maadui wawili wa Saosao walipigwa na mkono mmoja. Mtu angedhani kwamba msiba huo ungewaunganisha. Haukuwaunganisha, bado kila mmoja alimtazama mwenzake kwa jicho la zamani, na mgeni mpya alikuwa amefika kwa haraka mno.

Mnamo 1907 ofisa kijana, Geoffry Northcote, alitumwa kuanzisha kituo cha serikali Getembe. Wenyeji walimwita Nyarigoti. Alipima, akajenga, akakusanya faini na kodi, akaamua kesi. Kwa wengi huyo ndiye aliyekuwa mgeni wa utabiri, naye alikuwa akiweka ofisi yake palepale paliponyoshewa kidole.

Wale walioamini kuwa mgeni hapaswi kupingwa walinyamaza. Wengine hawakunyamaza. Mwanamke mmoja wa Kitutu, Moraa, ambaye naye alijulikana kwa uganga na utabiri, aliwachochea vijana kwa kuwaaibisha: kama wanaume wanaogopa, basi wanawake wachukue mikuki. Januari 1908 kijana Otenyo, wa jamaa yake Moraa, alimvizia Northcote aliyekuwa safarini na ng'ombe waliotwaliwa kwa watu, akamchoma mkuki mgongoni. Northcote hakufa. Alipona, akapanda vyeo, na kufikia 1937 alikuwa gavana wa Hong Kong.

Kitutu haikupona upesi hivyo. Kikosi kingine kilitumwa, nyumba zikachomwa, mifugo ikatwaliwa na watu wakauawa kwa idadi iliyomfanya hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni jijini London, aulize kama mauaji makubwa ya watu wasio na uwezo wa kujilinda yalikuwa ya lazima. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Masimulizi ya Gusii hushikilia kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na dai la kutaka kirudishwe limesikika mara nyingi.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya karatasi. Katika kumbukumbu za miaka ya mwanzo jamii hiyo ilitajwa pia kwa jina la Kosova. Hatimaye serikali ilishika tamko Kisii, nalo likawa jina la kabila, la wilaya na la mji. Machifu waliteuliwa, mipaka ikachorwa, na ebisarate zikavunjwa kufikia 1913, ili vijana wasiwe tena na kambi za vita. Baadaye mashamba ya walowezi wa Kizungu huko Sotik yakawekwa katikati ya Wakisii na Wakipsigis kama ukuta. Wakati uo huo Wajaluo na Wakuria wa wilaya ya Kavirondo Kusini walilazimika kupanda vilima hadi Kisii kwa mashauri yao ya serikali, kwa kuwa makao ya mkuu wa wilaya yalikuwa hapo. Mtu aliyekuwa Omogetutu au Omogirango nyumbani kwake alitoka ofisini akiwa Mkisii. Mgeni alikuwa amemtazama, akampa jina, akaliandika.

Kisii palionekana mbali kiasi cha kufaa kuwa gereza la wengine. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala huo huo, alihamishiwa huko mwishoni mwa 1913 pamoja na Wanje wa Mwadori Kola. Mapema mwaka uliofuata walitoroka, wakashika njia ya kurudi pwani.

Mwaka huo wa 1913 ndio uliomrudisha Sakawa, na kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Huko Alego, nchi ya Wajaluo, mtu aitwaye Onyango Dunde alitangaza kwamba amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani, akatapikwa mzima, na kupewa ujumbe. Nyoka huyo, Mumbo, alisema Wazungu watatoweka, dini yao haina maana, na wafuasi wake waache nguo za kigeni, wavae ngozi na kuacha nywele zikue. Ujumbe huo ulivuka mpaka wa tohara na lugha ukapanda hadi Gusii. Ulipofika huko haukubaki wa Kijaluo. Watu wa Kitutu, hasa jamaa za wale waliopigwa mnamo 1905 na 1908, waliuvika sura waliyoijua: yule aliyesema wageni watakwenda alikuwa Sakawa, na siku yake ilikuwa imekaribia. Utabiri wa Mkisii uliishi tena ndani ya dini ya Mjaluo, na wale waliomdharau jirani kwa kutotahiri walikubali kupokea habari za mtabiri wao wenyewe kutoka mikononi mwake.

Wamisionari walikuwa wamekwisha kuingia. Wakatoliki walifungua Nyabururu mnamo 1911, na Waadventista wakaanza Nyanchwa muda mfupi baadaye. Kwa wafuasi wa Mumbo, majengo hayo yalikuwa alama za mgeni sawa na ofisi ya Northcote.

Halafu ikaja Septemba 1914. Vita Kuu ilikuwa imeanza, na kikosi cha Wajerumani kutoka upande wa Tanganyika kilipita Karungu kikauteka mji wa Kisii. Tarehe 12 Waingereza walikishambulia, na siku iliyofuata Wajerumani walikuwa wamerudi nyuma. Abagusii waliona kwa macho yao Wazungu wakiuana na maafisa wakiukimbia mji. Je, huo haukuwa utabiri ukitimia? Watu walimiminika Bosongo, wakavunja maduka na ofisi, wakaipora misheni ya Nyabururu na ya Nyanchwa. Kwa siku chache ofisi haikuwa na mwenyewe. Kisha Waingereza walirudi, wakapiga, wakatoza faini ya ng'ombe, na mji ukarudi mikononi mwao.

Maafisa waliorejea walianza kuliandika jina la Sakawa katika taarifa zao. Kwao lilikuwa jina la fitina. Kufikia 1920 kulikuwa na makundi huko Gusii yaliyosema roho yake imerudi, yakingojea siku ya kuondoka kwa Wazungu. Mnamo 1921 viongozi wao walikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kismayu, ambayo wakati huo ilikuwa bado chini ya Kenya. Serikali ilimtendea marehemu kama mtu aliye hai: ilifuatilia nyendo zake, ikawahoji walioongea naye, ikawafukuza nchini marafiki zake. Wakipsigis nao walikuwa na mkasa unaofanana na huo, maana watabiri wao wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu katika miaka ya 1930 hadi Gwassi, kando ya ziwa, katika nchi ya watu wasiowajua. Adui wa Saosao naye aliadhibiwa kwa sababu ya watabiri wake.

Imani ya Mumbo haikuisha kwa uhamisho huo. Ilizuka tena mara kwa mara, na mnamo 1954, katika miaka ya hali ya hatari, ilikuwa miongoni mwa madhehebu yaliyopigwa marufuku na serikali. Sakawa alikuwa ameondoka duniani kwa nusu karne.

Wazungu waliondoka madarakani mnamo 1963. Mashamba yao yaliyokuwa yamewekwa kati ya Wakisii na Wakipsigis yaligawanywa kwa walowezi wa Kiafrika, na sehemu moja ikawa Borabu, iliyo katika Kaunti ya Nyamira ya leo. Ukuta ulipoondolewa, majirani wa Saosao walikutana tena uso kwa uso. Katika machafuko ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba zilichomwa na watu wakauawa kwenye mpaka huo, na soko la Chebilat, ambamo jamii zote mbili huuziana maziwa, mahindi na ndizi, likawa uwanja wa mishale.

Sakawa hana kaburi linalojulikana. Huko Kitutu wanaosimulia habari zake bado hawajakubaliana kama aliwaambia watu wauweke chini mkuki au wausubirie wakati wake.